Daktari wa Kisu na Mwendo wa Kutoka Ruiru

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Kenya ingali chini ya himaya ya Waingereza na mji wa Thika ukisifika kwa mkonge, kahawa na viwanda vichanga vilivyoota kando ya reli, alirejea nchini kutoka Marekani tabibu kijana aliyeitwa Njoroge Mungai, mzaliwa wa Dagoretti wa mwaka 1926, aliyekuwa amehitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1957. Naye, ambaye kwa elimu ile angaliweza kutulia mahali pa raha, akafungua zahanati zake Thika, Riruta na Embu, na fauka ya hizo akaanzisha zahanati ya gari, iliyowafuata wagonjwa huko huko walikoishi. Historia humtaja Mungai zaidi kwa siasa, maana alishika wizara ya afya, kisha ya ulinzi na ya mambo ya nje, akawa pia tabibu wa Mzee Jomo Kenyatta; alifariki dunia mwaka 2014. Mimi naona lile gari linastahili kumbukumbu kubwa kuliko vyeo vyote hivyo.

Lilionyesha kwa vitendo jambo ambalo wataalamu walikuja kuliandika kwa hesabu zaidi ya nusu karne baadaye, kwamba maradhi huua kwa ukali wake, na huua vilevile kwa urefu wa njia iliyopo baina ya mgonjwa na mkono unaoweza kumponya. Na njia hiyo hupimwa kwa nauli, kwa ujira wa siku unaopotea, kwa hofu, kwa haya, na kwa wingi wa milango inayobishwa kabla ya ule wa kweli kufunguka. Katika matawi yote ya utabibu hakuna ambalo njia yake ni ndefu kama upasuaji. Dawa ya malaria yaweza kutiwa mkobani ikafika kijijini kwa baiskeli, lakini chumba cha upasuaji hakichukuliki: kinataka umeme usiokatika, maji safi, damu iliyowekwa akiba, mtaalamu wa nusukaputi, wauguzi hodari na daktari aliyefunzwa miaka mingi, na kimoja katika hivyo kikikosekana, vyote vingine husimama.

Kwa Mwafrika wa Afrika ya Mashariki njia hiyo ilikuwa na kizuizi kingine juu ya hivyo. Vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar walisomea utabibu Makerere tangu miaka ya 1920, lakini walipohitimu walipewa cheo cha msaidizi na mshahara usiolingana na wa mwenzao Mzungu, na shahada yao haikutambuliwa Uingereza mpaka mwaka 1957. Nairobi hospitali zenyewe zilitengwa kwa rangi, na ile ya Waafrika, iliyopewa jina la Mfalme George wa Sita, ndiyo leo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Katika hali hiyo Mganda mmoja, Sebastian Kyalwazi, aliyezaliwa mwaka 1921, alishika kisu kwa idili na subira hata mwaka 1961 akawa Mwafrika wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kukubaliwa katika chuo cha kifalme cha wapasuaji cha Edinburgh. Akarudi katika hospitali ya Mulago, akawa profesa wa upasuaji Makerere, akafundisha mpaka uzeeni, na akafa mwaka 1992.

Kuwa wa kwanza ni sifa, lakini sifa yake kubwa zaidi machoni pangu ni maradhi aliyochagua kuyachunguza. Mtu aliyefika Edinburgh kwa taabu ile angaliweza kujishughulisha na magonjwa yaliyompa mtu jina Ulaya; Kyalwazi alijishughulisha na saratani ya ini na ile ya ngozi iitwayo Kaposi, ambayo wakati ule ilikuwa nadra Ulaya na ya kawaida Uganda, wala hakungoja wageni waje kuwaeleza watu wake kilichowaua. Wanafunzi waliosoma Makerere katika zama hizo walitoka Afrika ya Mashariki nzima, kwa kuwa Nairobi haikuwa na kitivo cha udaktari mpaka mwaka 1967.

Tuzitazame sasa Thika na Ruiru za leo kwa jicho hilo la urefu wa njia. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta Ruiru na watu 490,120, zaidi ya mara mbili ya wale wa mwaka 2009, ikawa mji wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika ilikuwa na 251,407. Mashamba ya kahawa yaliyoipa Ruiru jina, na yaliyoipa dunia aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, yanang'olewa mwaka baada ya mwaka yakipisha nyumba za kupangisha za ghorofa tano na sita, na ndani ya nyumba hizo wanaishi wachuuzi, mafundi, wachimba mawe, vibarua wa mashamba ya maua, waendesha bodaboda na watu waendao Nairobi kila alfajiri kwa matatu. Thika ina viwanda vyake, ina mashamba makubwa ya mananasi, ina Makongeni, na ina Kiandutu, ambako mabati yamebanana hata mtu akinyoosha mikono hugusa nyumba mbili. Yote hayo yamefungwa pamoja na ile barabara kuu iliyokamilika mwaka 2012, yenye njia nyingi kiasi kwamba mgeni hudhani hapa hapana mtu aliye mbali na kitu chochote.

Wako mbali. Mwaka 2015 tume ya kimataifa iliyoitishwa na jarida la The Lancet ilitoa taarifa kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji ulio salama na wenye bei ya kuwezekana pindi wauhitajipo, na kwamba kila mwaka hupungua upasuaji milioni 143 katika nchi maskini na za kipato cha kati. Tume hiyo ilichagua kazi tatu ziwe kipimo cha hospitali yoyote: kumzalisha mama kwa kumpasua, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatokeza nje ya ngozi. Hospitali iwezayo hizo tatu aghalabu inaweza nyingine nyingi, na kila mtu, tume ikasema, anapaswa kuifikia hospitali ya namna hiyo ndani ya saa mbili. Kwa kipimo cha saa, mkazi wa Ruiru ni tajiri. Hospitali ya Thika Level 5 iko upande mmoja wa barabara yake, Nairobi iko upande wa pili, na katikati, huko Kahawa, tangu mwaka 2019 ipo hospitali kubwa ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Lakini tume hiyo hiyo haikuishia kwenye saa. Iliuliza pia kama mgonjwa akishafika atamkuta mpasuaji, na kama akishapasuliwa atabaki na kitu cha kuwalisha watoto. Hesabu ya wapasuaji wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini iliyochapishwa mwaka 2016 iliwakuta hawafiki 1,700 katika nchi zote zile, yaani karibu nusu ya mtu kwa kila watu 100,000, na wanawake kati yao hawakufika kumi katika kila mia.

Katika hao wanawake wachache yumo Dakta Miriam Mutebi, mpasuaji wa saratani ya matiti na mhadhiri katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ambaye ni miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini Kenya kubobea katika fani hiyo, aliyejiongezea ujuzi Cape Town, akashiriki kuanzisha umoja wa wanawake wapasuaji wa Afrika nzima, na hatimaye akawa rais wa AORTIC, shirika la Afrika la utafiti na mafunzo ya saratani. Sitasimulia ustadi wake wa kisu, kwa kuwa ustadi huo unajulikana kwa wenziwe na kwa wagonjwa wake. Jambo linalonivuta kwake ni kwamba ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akichunguza yale yanayotokea kabla mgonjwa hajalala juu ya meza yake: kwa nini mwanamke wa Kenya aliyegusa uvimbe kifuani mwake hufika kwa mpasuaji baada ya miezi mingi, uvimbe umekwisha kuwa kidonda, ilhali mwanamke wa Ulaya mwenye uvimbe wa namna ile ile hufika ukiwa mdogo kama punje ya dengu.

Jawabu lililozoeleka ni kumlaumu mwanamke. Husemwa kwamba ni mjinga, kwamba alikwenda kwa mganga wa mitishamba, kwamba aliogopa mumewe au aliamini amerogwa. Mambo hayo yapo, na si haki kuyakana. Lakini Mutebi na wenzake wamesisitiza jambo ambalo mkazi wa Thika au Ruiru analijua kwa mwili wake, kwamba aghalabu mwanamke huyo alikwenda hospitali mapema. Alikwenda mara ya kwanza, akaambiwa ni maziwa yamegandamana, au ni umri, akapewa dawa ya maumivu na ya vijidudu. Akarudi mara ya pili kwa tabibu mwingine, akaambiwa hivyo hivyo. Akapelekwa kupigwa picha mahali ambapo mashine ilikuwa mbovu siku hiyo. Na kila kituo kilipomaliza naye kilikuwa kimemla nauli, ada na siku moja ya kibarua. Takhira ya mgonjwa ipo, lakini takhira ya hospitali mara nyingi huwa ndefu kuliko hiyo, na haina mtu wa kuilaumu kwa kuwa imegawanyika katika madirisha mengi.

Sababu nyingine ya kukosea ni umri. Wanawake wetu hupatikana na saratani hii wakiwa wadogo kwa takriban miaka kumi kuliko wenzao wa Ulaya na Marekani, kwa sehemu kwa sababu taifa lenyewe ni la vijana. Basi tabibu aliyefunzwa kwa vitabu vya huko akimwona mama wa miaka 38 mwenye uvimbe, humtuliza moyo na kumrudisha nyumbani. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, karibu wanawake 6,800 walipata saratani ya matiti nchini Kenya mwaka huo, na zaidi ya 3,000 walikufa kwayo.

Kinachomaliza ubishi baina ya uvimbe mwema na uvimbe mwovu ni jambo dogo sana kwa macho. Daktari huitia ganzi ngozi, huingiza sindano nene kidogo kuliko ya kutolea damu, iliyofungwa kwenye kifaa chenye chemchemi, hubonyeza, na kifaa hulia tak, kwa sauti inayomshtua mgonjwa kuliko kumwumiza. Ndani ya sindano hutoka kipande cha nyama chembamba mfano wa uzi mweupe, urefu wake kama ukucha wa kidole cha shahada. Vipande kadhaa vya namna hiyo hutiwa katika chupa ndogo yenye formalini, chupa ikaandikwa jina, umri na upande wa titi, na kuanzia hapo maisha ya mtu yamo ndani ya chupa ile. Ikifika mapema kwa mtaalamu wa kuisoma kwa hadubini, mama atajua katika siku chache. Ikikaa kwenye dirisha ikingoja gari la kwenda Nairobi, au ikingoja mwenyewe apate fedha za maabara, wiki hupita, na nimemsikia mama mmoja wa Makongeni akisema alibeba chupa yake mwenyewe ndani ya kipochi, katika matatu, ameishika kwa mikono miwili mpaka mwisho wa safari. Halafu kuna uchunguzi wa pili, ambao watu wengi hawaambiwi: kipande hicho hupimwa kama saratani yake inalishwa na homoni au la, kwa sababu dawa itakayofaa hutegemea jawabu hilo, na pasipo jawabu tiba huwa ya kubahatisha.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021 liliweka malengo matatu yanayofahamika kwa mtu yeyote: wagonjwa 60 katika kila 100 wagunduliwe ugonjwa ungali mchanga, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipokwenda hospitali mara ya kwanza, na 80 katika kila 100 wamalize tiba waliyoanza. Mtu akiyatazama malengo hayo ataona kwamba kisu hakitajwi hata mara moja, ingawa wapasuaji ni miongoni mwa watu wanaoyapigania kwa nguvu zaidi, maana wao ndio huona mwisho wa kila takhira.

Liko jambo moja ambalo nataka msomaji alitie maanani, kwa kuwa linaonyesha jinsi umbali unavyoweza kumkata mtu kiungo. Kwa muda mrefu tiba ya saratani hii ilikuwa kuliondoa titi lote. Mwaka 1985 Bernard Fisher wa Marekani na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi mkubwa ulioonyesha kwamba kwa uvimbe uliogunduliwa mapema, kuondoa uvimbe peke yake na kisha kupapiga mionzi mahali pale humwacha mgonjwa na maisha marefu sawa na yule aliyeondolewa titi zima. Lakini sharti ni mionzi. Mwanamke asiyeweza kuifikia mashine ya mionzi kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa mfululizo, mpasuaji mwenye amana hawezi kumwachia titi lake. Kwa miaka mingi hospitali ya umma iliyokuwa na mashine hiyo Kenya nzima ilikuwa moja tu, ile ya Kenyatta, na foleni yake ilihesabiwa kwa miezi; hivyo wanawake wengi walipoteza matiti yao ambayo ugonjwa haukuyadai, kwa sababu ya foleni. Leo mashine iko Kahawa, mwendo mfupi kutoka Ruiru, na kwa jambo hili moja mkazi wa Ruiru amebahatika kuliko mkazi wa Mandera kwa kiasi kisichosemeka. Bahati hiyo humfaa yule tu aliyegunduliwa mapema.

Asidhani mtu kwamba nchi yenye mashine nyingi imekwisha kuokoka. Marekani, alikosomea Mungai, mwanamke mweusi hupata saratani ya matiti kwa uchache kidogo kuliko mweupe, na bado hufa kwayo kwa kiasi kinachozidi cha mweupe kwa takriban 40 katika mia. Huko nako walitokea wapasuaji weusi waliouona ukuta huo zamani: Daniel Hale Williams, ambaye mwaka 1893 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kufungua kifua na kushona utando wa moyo wa mtu aliyechomwa kisu, akapona, alikuwa miaka miwili kabla ya hapo amekwisha kuanzisha Hospitali ya Provident mjini Chicago, iliyowapokea wagonjwa wa rangi zote na kuwafunza wauguzi weusi waliokataliwa kwingine. Vitabu husifu sana ule utando ulioshonwa. Mimi nahesabu hospitali kuwa ndiyo kazi kubwa zaidi, maana utando ulioshonwa ulikuwa wa mtu mmoja.

Kwetu ukuta mkubwa uliobaki ni wa fedha, na historia yake ni ya kwenda na kurudi. Mwaka 1965 serikali ya Kenya huru iliondoa ada ya matibabu ya nje katika hospitali za umma. Mwaka 1989 ada zikarudishwa, zikasitishwa mwaka uliofuata, zikarejea tena. Mwaka 2004 zikapunguzwa katika zahanati na vituo vya afya, na mwaka 2013 zikafutwa huko. Bima ya zamani imepisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024, na kila mtu anajua malalamiko na matumaini yaliyoizunguka. Katikati ya mabadiliko hayo yote familia za Thika na Ruiru zimeendelea na utaratibu wao wenyewe, wa kundi la WhatsApp lenye picha ya mgonjwa na nambari ya M-Pesa, kwa kuwa ndio uliokuwepo kila mara sheria ilipobadilika. Ni utaratibu wa upendo, lakini humfaa mwenye ndugu wengi na humwacha mpangaji mgeni aliyekuja Ruiru juzi kutafuta kazi.

Wale wahudumu wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walipewa mikoba na vifaa nchini kote mwaka 2023, ndio sasa wanaofanya lile lililofanywa na gari la Mungai: wanaingia uani Kiandutu, wanabisha ghorofani Ruiru, wanapima shinikizo la damu na sukari. Kwa maoni yangu hao ndio wafundishwe kwanza habari za uvimbe, kabla ya kununuliwa mashine nyingine yoyote, kwa sababu wao humkuta mama kabla hajalipa nauli ya kwanza. Na mama mwenyewe, akigusa uvimbe kifuani usioondoka baada ya hedhi yake kupita, au akiona chuchu imeingia ndani au inatoa damu, asikubali kurudishwa nyumbani na vidonge mara ya pili. Auombe kwa jina uchunguzi wa kipande cha nyama, aandike tarehe aliyokwenda mara ya kwanza ili azihesabu zile siku 60, na jawabu la maabara likitoka adai nakala yake kwa maandishi akae nayo, kwa sababu hospitali atakayopelekwa baadaye, iwe ya Kahawa au ya Nairobi, haitaanza tiba kabla ya kuisoma.